Siku Tatu za Kucheka

Tarehe 4 Machi

Wifi yangu,

Nakusalimu, na sisi huku hatujambo, kwa kadiri neno hilo linavyoweza kunyooshwa. Mwanao ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anapiga mluzi kila anapotaka kusema "shangazi". Paa la jikoni limezibwa. Mapazia bado nashona. Mwezi uliopita nilipata kazi ya ofisi ya ardhi, madirisha kumi na manne, hakuna mawili yanayolingana. Hao ndio wanaotupimia viwanja.

Kaka yako ametoka hospitali. Utashangaa kwa nini naandika na simu zipo. Kwanza, simu ikilia anaikimbilia yeye. Atakuuliza uko wapi, utamwambia, atakata, kisha atakupigia kukuuliza uko wapi. Pili, maneno ya simu yakishasemwa hayabaki popote. Karatasi inabaki.

Basi nikueleze kwa mpangilio, maana najua umesikia vipande. Jumapili ile alilalamika kichwa, na mwili ulikuwa wa moto. Akameza vidonge viwili akalala. Jumatatu akafungua saluni kama kawaida. Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu. Akamnyoa upande wa kushoto, akaweka mashine chini, akaenda mlangoni akinusa: "Nani anachoma mpira?" Hakuna aliyekuwa anachoma kitu. Akarudi, akamtazama mwalimu kwenye kioo, akamuuliza kwa sauti ya mwalimu mwenyewe: "Wewe umekuja kunyolewa au umekuja kunyoa?" Benchi zima lilicheka mpaka mmoja akaanguka. Mwalimu akaenda zake na nusu ya nywele, naye anacheka, akidhani watu wamewekeana dau.

Nani angeshtuka? Mtu anaitwa Kinyonga tangu utotoni kwa sababu hakuna sauti asiyoweza kuiga.

Jumanne aliita kitana kijiko, na mwanao akamwita kwa jina lako. Hapo ndipo nilipokupigia, ukaongea naye, kisha tukaongea mimi na wewe. Bila shaka unakumbuka.

Alhamisi saa mbili asubuhi, akiwa anavaa shati, akaanguka na degedege. Mtu mzima wa miaka thelathini na nane ambaye hata meno hayajawahi kumuuma. Hospitali daktari alimtoa maji ya uti wa mgongo, akasema ni kirusi kimepanda kwenye ubongo na ubongo umevimba. Kirusi gani? Akasema kile kile kinachotoa vidonda pembeni mwa mdomo. Wengi wetu tunacho, kimelala tu. Kwa nini kiamke kwa mmoja mwenye afya zake na kupanda kichwani, hawajui. Dawa ya mshipa kila baada ya saa nane, siku ishirini na moja. Akaniuliza ilianza lini. Nikasema Jumapili. Akaandika, na kalamu yake ikabaki juu ya hilo neno muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

Sasa yuko nyumbani. Ananijua, anakujua, anajua kila kitu cha zamani. Kipya hakikai, nusu saa kimetoka. Mikono bado inanyoa vizuri, lakini akimaliza kufagia anamwambia mtu yule yule, "Karibu, kaa hapa." Wateja wamepungua. Hakuna anayetaka kunyolewa mara mbili.

Nijibu, wifi. Hasa lile la Jumanne.

Wako,
Mke wa Kinyonga


Tarehe 2 Aprili

Wifi mpenzi wa roho yangu,

Barua yako nimeipata, nikaisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa. Pole, tena pole. Mpe busu la shangazi huyo mwenye mluzi.

Mimi huku mzima, ila baridi inanila vidole. Nyumba ya wazee imejaa. Tuna wakongwe arobaini na mmoja na wahudumu saba, na kati ya hao saba wawili wanahitaji kuhudumiwa kuliko wazee. Kuna nahodha mmoja mstaafu ambaye kila nikimlisha uji ananiambia niishushe nanga. Namwitikia, "Imeshuka, bwana mkubwa," ndipo anafungua mdomo. Mlangoni tunakabidhi simu mpaka zamu iishe, ndiyo maana napatikana kwa shida.

Nimemnunulia kaka soksi za sufu, jozi tatu. Mtu aliyeugua kichwa asikanyage sakafu baridi. Mpe asali pia. Mzee mmoja hapa alipoteza kumbukumbu, akala asali miezi miwili, akamkumbuka mkwewe. Ingawa alisema bora angebaki amesahau.

Kuhusu simu ya Jumanne, wifi, mawimbi siku ile yalikuwa mabaya sana. Nakumbuka uliniambia hajisikii vizuri, nami nikasema Mungu amsaidie. Mengine sauti ilikuwa inakatika.

Jambo lingine dogo. Baba Mkubwa alinipigia. Unajua alivyo, toka astaafu ukarani wa mahakama anahoji hata paka. Aliniuliza kaka alikuwa anakula nini wiki ile na nani alipika. Nikamwambia mimi niko mbali, sijui. Usilichukulie kwa uzito.

Nakukumbatia,
Wifi yako


Tarehe 11 Aprili

Wifi,

Habari za huko. Za kwetu utazisoma chini. Soksi zimefika. Amezivaa akashukuru, akaniuliza zimetoka wapi, akashukuru tena. Katika asubuhi moja umeshukuriwa mara sita, sijui kama umewahi kupata faida kama hiyo.

Mawimbi yalikuwa mazuri. Nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti cha chumba cha kushonea na nilikusikia mpaka ulivyokuwa unavuta pumzi kwa kicheko.

Nikukumbushe nyumba yenu, maana kukaa mbali kunafuta mambo. Niliolewa kwenye familia ambayo mchezo wake ni mmoja: anakudanganya mtu na uso mkavu, na ukiuliza "Kweli?" umeingia mkenge, utachekwa miaka. Siku ya harusi yangu ni wewe uliyekuja chumbani, umeshika viatu vya bwana harusi, ukasema ametoroka peku kwa dirisha la nyuma. Nikauliza "Kweli?" Nikalia. Mpaka leo, miaka tisa, kila mkikutana mmoja wenu lazima alie kile kilio changu, na kaka yako ndiye anayekipatia kuliko mimi. Nilikula kiapo kuwa neno lile halitanitoka tena mbele yenu.

Kwa hiyo Jumanne, mtoto aliponijia analia, "Mama, baba ananiita shangazi," nilikuwa nimeshashika mkoba. Nilikuwa nakwenda hospitali, wifi. Nikasema kwanza nikuulize wewe uliyelala naye chumba kimoja utotoni na unayeshinda na wagonjwa. Ukaongea naye dakika tano. Ukarudi kwangu huwezi hata kusema kwa kicheko. Maneno yako ninayo: "Usiende popote. Ukimpeleka hospitali umekwisha, atakuigiza mpaka kaburini. Utotoni alijifanya amekufa kuanzia chai mpaka chakula cha mchana. Mwache achoke mwenyewe."

Nikatundika mkoba.

Baba Mkubwa unayesema nisimchukulie kwa uzito amekuja mara mbili. Mara ya pili aliingia jikoni akafunua sufuria moja moja akinusa, kama mkaguzi. Nikamwonyesha cheti cha daktari. Akasoma yote, hata mhuri, akasema: "Kirusi! Mnalala kitanda kimoja, mbona hicho kirusi hakikukuona wewe?" Amewaambia watu kwamba mtu mzima mwenye afya haamki siku moja hajui jina la mwanawe bila kulishwa kitu. Na kwamba kama ulikuwa ugonjwa kweli, mke mwema asingengoja mpaka Alhamisi.

Kwa nini nilingoja, unajua wewe peke yako. Sikuombi unitetee. Naomba uandike ulichosema, basi.

Mke wa kaka yako


Tarehe 30 Mei

Wifi mpendwa,

Samahani kwa kuchelewa. Barua yako ilifunikwa na daftari la zamu nikaiona juzi. Hatujambo. Nahodha amefariki. Nimehamishiwa ghorofa ya juu ambako hawasemi kabisa, kwa hiyo napumzika masikio.

Nimesoma yote uliyoandika. Una uchungu, nami sikulaumu. Lakini wifi, mambo ya kuandikiana yanazaa maneno, na karatasi ikishaangukia mkono usio wake haiokoteki. Baba Mkubwa ndiye aliyenilea baada ya baba kufa, ndiye aliyenisafirisha kuja huku. Ananisifu kwa kila mtu kwamba mimi ni kama daktari. Sasa nimwambie nini?

Ushauri wangu wa dada: nenda kwake umpigie magoti, useme ulikosea kuchelewa, yaishe. Wazee wanapenda kuombwa. Kuomba msamaha hakupunguzi nyama mwilini.

Nimepata jozi nyingine ya soksi.

Wifi yako


Tarehe 8 Juni

Salamu sina.

Kikao cha ukoo ni Jumamosi tarehe 20 Julai, saa nne, sebuleni kwangu. Ajenda ameipiga chapa Baba Mkubwa mwenyewe: mimi nirudi kwetu, mtoto alelewe na ndugu zake, saluni ifungwe, na mgonjwa akakae kwake "penye usalama wa chakula".

Mgonjwa mwenyewe ajenda ameisoma akasema ina makosa mawili ya herufi.

Unaniambia nipige magoti. Nimepiga magoti miezi hii kwa mambo mengi: kumfunga viatu, kuokota vitana, kubandika vikaratasi mlangoni vinavyosema hapa ni kwako, usitoke. Kwa kosa lako sipigi.

Soksi baki nazo.


Tarehe 1 Julai

Wifi,

Nimeandika barua hii mara nne. Ya kwanza ilikuwa na vichekesho vitatu, nikaichana. Hii isome mbele ya kikao, yote, usiruke.

Mimi, dada wa mgonjwa, ninasema hivi. Jumanne ile mke wa kaka yangu alinipigia simu saa tano asubuhi, amebeba mkoba, anataka kumpeleka mume wake hospitali. Mimi nilimzuia. Maneno aliyoyanukuu ni yangu, hakupunguza wala hakuongeza. Mawimbi yalikuwa mazuri.

Baba Mkubwa, najua uko hapo na miwani yako. Unasema mimi ni kama daktari. Sikiliza basi. Wiki mbili kabla ya simu ile, mama mmoja hapa alianza kunusa moshi usiokuwepo na kuita kijiko funguo. Sikumaliza kumsikiliza, nilikuwa nimeshabonyeza kengele, na daktari alifika kabla uji haujapoa. Dalili nilizijua. Kaka yangu aliponiambia kwenye simu kwamba kunanuka mpira, na akaniita mama, nilizisikia zile zile. Nikacheka.

Nilicheka kwa sababu nilikuwa na miezi saba sijacheka. Huku hawatanii. Nikasikia sauti ya nyumbani inafanya upuuzi wa nyumbani, nikajiambia, huyu ananifanyia mimi onyesho. Nilimwambia arudie. Wifi, hilo hukulisikia: nilimwambia, "Rudia lile la mpira." Akarudia. Hakuwa anarudia, alikuwa ananiambia tena.

Sufuria za wifi yangu ziacheni. Kama kuna aliyemlisha kaka yangu kitu kibaya, ni sisi wote, miaka yote, na mimi nilishika mwiko.

Hayo ni ya kikao. Haya ni yako peke yako, yasome jikoni. Nimezipanga barua zako kitandani. Umeniandikia Jumapili, umeniandikia Jumatatu, Jumanne umeiandika mpaka rangi ya pumzi yangu, Alhamisi umeweka na saa. Mahali popote hakuna Jumatano. Siulizi ili kujitoa. Nauliza kwa sababu nimejifunza kwako kutazama palipo na pengo.

Wifi yako


Tarehe 24 Julai

Wifi,

Barua yako nimeipata, na salamu zangu pokea, safari hii ni za kweli. Mwanao jino moja limechomoza. Sote wazima isipokuwa yule.

Kikao kilikaa. Watu kumi na mmoja, viti havikutosha, tukaleta vya saluni. Baba Mkubwa akachagua kile kinachozunguka, kwa heshima yake. Kila alipotaka kumkazia mtu macho kiti kilimgeuza akakazia pazia. Kaka yako tulimweka karibu na dirisha.

Nilisoma barua yako yote. Nilipofika kwenye miwani, Baba Mkubwa aliivua. Nilipofika kwenye kicheko, hakuna aliyemtazama mwenzake, maana kila mmoja mle alicheka siku zile. Shemeji mdogo alikuwa bado na video aliyomchukua kaka yako siku zile, kwenye simu yake. Mwishowe Baba Mkubwa akasema, taratibu, kwa sauti ya mahakama: "Basi mke hana hatia." Watu wakaanza kutafuta viatu.

Hapo palikuwa mahali pangu pa kunyamaza. Ushahidi ninao, karatasi ninayo, nimeitafuta miezi mitano. Lakini nilikuwa nimeshaisoma ile ya jikoni.

Nikawaambia kaeni, kuna Jumatano.

Jumatano asubuhi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Sauti zote za watu zilikuwa zimemwisha. Akaniambia kwa ile yake mwenyewe, ambayo hakuitumia sana hata kwangu: "Mke wangu, mimi naumwa. Kichwani naona kama watu wanahama. Nipeleke hospitali." Macho yalikuwa yake. Nikamtazama, wifi, na nikaona. Sikudanganywa na wewe wala na mtu. Niliona, na mdomoni lilikuja lile neno, "Kweli?", nikalimeza. Nikampigia makofi. Nikasema, "Leo umejitahidi. Siingii." Akasema, "Sawa." Akavaa soksi ya pili. Nikaenda kupima madirisha ya watu.

Siku nzima. Daktari alisema saa moja moja ina thamani yake. Hizo zilikuwa ishirini na nne, nami ndiye niliyezikata.

Aliyeongea kwanza ni kaka yako, pale dirishani. Alikuwa amesikiliza yote vizuri, kama mtu anayesikiliza habari ya jirani.

"Huyo jamaa alipona?"

Akasogeza kiti chake mbele kidogo.

"Na mkewe? Maskini, mkewe alijisikiaje?"

Nikamwambia: "Mkewe ni mimi. Jamaa ni wewe."

Akatabasamu. Akatazama mmoja mmoja akitafuta nani ataanza kucheka. Alingoja vizuri, kama anavyojua yeye, kisha uso ukaanza kumshuka, na yule mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kuingia mkenge wa mtu akaniuliza:

"Kweli?"

Nyumba nzima hiyo, na hakuna aliyecheka.

Nikasema kweli. Akainuka, akanishika kichwa kwa mikono miwili kama anavyomshika mteja kabla ya kuanza, akasema, "Basi yameisha, mke wangu. Na mimi nisingeamini." Baba Mkubwa alilia, akageuzwa na kiti, akamalizia kulia akitazama ukuta. Chai ikaletwa. Kaka yako alipomaliza kikombe chake akaninong'oneza: "Hawa watu wote wamekuja kufanya nini?"

Hayo ndiyo yaliyoamuliwa, wifi: ninabaki, mtoto anabaki, saluni inabaki. Ajenda kaka yako anaifungia vitana.

Tangu siku ile nimemwambia tena mara mbili. Kila mara anauliza kweli, kila mara ananisamehe, kila mara anasahau. Msamaha nimebaki nao mimi peke yangu, aliyenipa hana habari nao. Nilikusudia kumwambia tena leo, nikaona nitakuwa namwumiza ili nipate changu.

Wewe njoo. Atakusamehe, hilo usiwe na shaka, mtu huyu hana choyo. Lakini ufike asubuhi na useme yako kabla ya chai. Baada ya chai utaanza upya.

Zile soksi, zilete. Amepoteza moja moja za kila jozi.

Wifi yako